Ma Edith, Mwoga wa Ziwa Rwenkorongo

Baada ya kuitumikia Jumuiya ya Watumia Maji ya Rwenkorongo kwa miaka thelathini na miwili, Bi Edith Kokushubira, msimamizi wa chanzo chetu cha maji, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wageni waalikwa mnaosoma wasifu huu huku mkinusa chakula, tunawaomba msiruke kurasa. Ndizi bado haziko tayari, nimepita jikoni nikaziona.

Jina lake kamili ni hilo, lakini kuanzia Nyaishozi hadi Isingiro hakuna anayelitumia. Sote tunamwita Ma Edith, kama tunavyowaita mama zetu wa heshima huku kwetu. Kazini tulimpa jina jingine, tena tukampa mbele ya macho yake, naye akalipokea bila kinyongo: Mwoga. Kamati ya sherehe imeniomba nisiliandike. Nimeliandika, kwa sababu bila neno hilo wasifu huu hauna kichwa wala miguu. Mwandishi ni mimi Eliud, fundi pampu. Nimefanya naye kazi karibu miaka ishirini, na sijapata kuona binadamu mwenye hofu kama yule mama.

Ma Edith alizaliwa Chonyonyo katika familia ya wakulima wa ndizi na kahawa, akaolewa na marehemu Kahigi, mkulima aliyesifika kwa nguvu na kwa ubishi. Mwaka 1993 aliajiriwa kuwa mhudumu wa kituo cha pampu, kazi ya kufagia, kuwasha na kuzima. Wazee wanasimulia kwamba siku ya kwanza aligoma kusogelea maji. Alisimama huko juu kwenye nyasi, ufagio mkononi, akauliza kama ziwa huwa linapanda. Bosi wa wakati ule akajiuliza wamemwajiri wa nini. Pikipiki hapandi mpaka dereva amhakikishie kwamba amekula na amelala. Hata harusini huketi karibu na mlango, na hapa leo mtazameni alipoketi.

Lakini hofu yake ilikuwa na faida, lazima tukiri. Radi ikinguruma Kyerwa, ng'ambo ya ziwa, Ma Edith huku upande wa Karagwe keshazima swichi kuu. Wateja wa Nyaishozi wanapiga simu wakifoka, naye anawajibu kwa upole, "Mwanangu, bora ukose maji mpaka mvua ipite kuliko ukose pampu mwaka mzima." Pampu za wenzetu zimeungua. Yetu iko pale pale, inanung'unika kama mimi. Tukimcheka, husema, "Kwa mwoga huenda kicheko," halafu anatuachia wenyewe tumalizie kwamba kwa shujaa huenda kilio.

Mwaka 2008 alipandishwa cheo kuwa msimamizi. Chini yake maji yalifika shule mbili na zahanati, mabomba yakapanda mlima hadi vitongoji vya Chonyonyo ambako watu walikuwa wamezoea kuchota kwenye vidimbwi pamoja na ng'ombe. Haya yote yamo kwenye taarifa za Jumuiya, sina haja ya kuyarefusha. Kilicho kikubwa katika utumishi wake ni ukuta, na kuhusu ukuta sijaona taarifa yoyote iliyosema ukweli wote.

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa saba, upepo unavuma juu ya ziwa kutoka upande wa kituo kuelekea kitongoji cha Kishoju, na mawimbi yanapiga ufuko kwa mshazari. Kufikia mwaka 2016 yalikuwa yameshafika kwenye msingi wa nyumba ya pampu. Ma Edith hakulala. Alizunguka ofisi zote, akalia kwenye baadhi ya ofisi, na ndipo akaletwa Injinia Melkiory, mtoto wa huku huku aliyesomea mambo ya maji. Injinia akapendekeza ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi, tena usishikane na nchi kavu. Ungesimama ndani ya ziwa, mbele ya kituo, vipande vitatu vyenye nafasi mbili katikati. Nafasi zile tuliziita milango.

Mkutanoni alieleza vizuri mpaka bibi yangu angeelewa. Alisema mchanga wa ufukoni ni msafiri. Mawimbi yanauchukua huku kituoni na kuupeleka Kishoju kidogo kidogo, kila siku, na Kishoju inaishi kwa mchanga huo. Ukisimamisha ukuta majini, mawimbi yanafia hapo, na nyuma yake maji yanatulia na mchanga unatua. Huku tutapata ufuko mpana. Kishoju nako mawimbi yatafika mikono mitupu, na yasipokuta mchanga wa kuchezea yatakula udongo. Ndiyo maana ya milango, akasema, ili nusu ya mawimbi ipite na mchanga uendelee na safari yake. Tulipiga makofi. Ma Edith peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, akauliza mara mbili kama milango itatosha. Injinia akamjibu kwamba itatosha isipozibwa.

Sasa wageni wa mbali nisikilizeni, maana kilichofuata mgeni hawezi kukielewa bila kuelezwa. Huku kwetu mtu akikuletea kitu kwa mkono wake, humrudishi nacho. Msibani mtu akija na mkungu wa ndizi unapokea, hata kama uani mikungu imejaa mpaka mbuzi hawana pa kupita. Ukimwambia arudi nao, umemwambia kwamba hana undugu na marehemu. Na mawe ya ukuta yalikuwa ya kuchangia. Wakatoliki wa Nyaishozi walikuja na mawe na ngoma. Walutheri wa Chonyonyo kusikia hivyo wakaja na lori na kwaya mbili. Isingiro wakavuka ziwa na yao. Vipande vitatu vikakamilika, na mawe bado yanakuja!

Siku tuliyodhani ni ya mwisho akatokea Mzee Polikarpi, kiongozi wa kigango kimoja cha ndani ndani, na wanakwaya wake wamebeba mawe vichwani kutoka mlimani, jasho linawatiririka, wanaimba. Mahali palipobaki ni ile milango miwili tu. Ma Edith alisimama mbele yao, akaitazama milango, akawatazama wao. Siku ile aliwaogopa watu kuliko alivyowahi kuliogopa ziwa. Akapokea, na mlango wa kwanza ukazibwa. Basi Walutheri nao wangekubali vipi? Wiki iliyofuata mlango wa pili ukazibwa kwa mawe yao, na makubwa kuliko yote yalikuwa ya Kahigi, mume wake, aliyeazima trekta na kuyaleta mwenyewe akiwa amesimama juu ya tela kama bwana harusi. Mwaka uliofuata Kahigi akafariki. Kila tukipita pale Ma Edith alikuwa anayaonyesha kwa kidole, anasema yale ni ya baba Vero, kwa jina la binti yao.

Injinia Melkiory aliporudi kukagua, alishika kichwa. "Ma, milango iko wapi?" Wazee wazima tukaanza kunyoosheana vidole, Wakatoliki kwa Walutheri.

Mwanzoni ilikuwa neema tupu. Mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, mweupe, mpana, msingi wa kituo ukakauka. Vikajengwa vibanda vya samaki na soda, maharusi wakaja kupigia picha. Watu wakaanza kujimegea viwanja kwenye mchanga na kupanda muramura, mmea wetu wa mpaka, ambao ukishashika mizizi hakuna jirani mwenye akili anayeung'oa. Walisema Mungu amewaongezea nchi. Ma Edith alipita kati ya vibanda vile akisalimia, anatabasamu, lakini macho yake yako Kishoju. Niliyaona. Alijua nchi ile imetoka wapi.

Ilikuwa imetoka Kishoju, kwa Mzee Anastazi Twizeyimana. Mzee huyu alikuja huku kwetu akiwa kijana, kibarua wa kupalilia vibanja vya watu, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, na kibanja chake kilichoshuka hadi ziwani alikipata kwa jasho la miaka. Hana kingine. Ukoo wa kumgawia ardhi huku hana. Mkewe, Therese Nyirabageni, amezikwa mle mle kwenye migomba, upande wa ziwa, kama tunavyozikana sisi sote kwenye vibanja vyetu. Kwanza ulikwenda mchanga wake. Yakafuata matete. Halafu muramura wa mpaka wa chini ukaanguka majini, na baada ya hapo ziwa likaanza kuchukua migomba, mmoja mmoja, na mikungu yake.

Kila asubuhi Ma Edith alitembea hadi Kishoju kwenda kuangalia ukingo. Anarudi hanywi chai. Tukimuuliza, anasema, "Limekula tena." Mimi niliyekuwa nikimtania nikaanza kuogopa kumuuliza, maana hofu ya yule mama inaambukiza kuliko mafua.

Mvua kubwa za 2020 zilipandisha ziwa. Jumapili moja mchana, tukitoka kanisani, nilimsindikiza Kishoju. Mzee Anastazi alitukaribisha uani, shikamoo zikaenda na marahaba zikarudi, akatuletea kisonzo, kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna. Nilikuwa sijatia hata punje moja mdomoni tuliposikia mlio wa kupasuka, mrefu, kama shuka kuukuu inachanwa. Jiko lake, kibanda cha pembeni chenye maharage motoni, liliinama taratibu, likaondoka. Lilikwenda lote, na mafiga na chungu na moto wake. Mvuke ukapanda kutoka chini ya ukingo. Ma Edith alinikamata mkono akaacha alama za kucha. Mzee Anastazi alitembea hadi kwenye kaburi la mkewe, akasimama upande wa ziwa, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mkewe kitandani, "Therese, sogea."

Nimeogopa mambo mengi maishani, umeme, nyoka, wadai. Sijaogopa kama nilivyoogopa kwa neno lile.

Baada ya hapo Kishoju nzima ilitaka ukuta wake. Ni haki, nani asingetaka? Injinia Melkiory akaja kusema hapana, kwa uchungu. Ukuta wa pili ungehamisha njaa kwa jirani anayefuata, Mama Nyiransabimana na wajukuu zake, na huyo naye angetaka ukuta, mpaka tulizungushie ziwa lote mawe na tusibaki na ufuko hata wa kunywesha ndama. Dawa ilikuwa kufungua milango. Yaani kutoa mawe. Na mawe yale yalikuwa na wenyewe.

Vikao vilianza, na vikao vya huku mnavijua. Mzee Polikarpi alisema jiwe lililobebwa kichwani kwa nyimbo halitolewi kwa mtarimbo. Walutheri walisema yao yatatoka Wakatoliki wakitangulia. Wenye vibanda walisema atakayegusa ukuta atawajua, na mmoja wao alisema hivyo akimtazama Ma Edith. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, na mwingine. Kila msimu wa upepo ziwa lilimega. Ma Edith alikonda. Tulimshauri asubiri kustaafu, mzigo atauacha kwa wengine. Alitujibu, "Therese hana muda huo."

Mwezi wa saba mwaka jana, asubuhi ya kazi, tulimwona Ma Edith anashuka kwenye mtumbwi. Narudia kwa wasioamini: kwenye mtumbwi, yeye, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kulowesha kifundo cha mguu. Alivaa boya la kujiokolea, na jingine amelikumbatia. Macho ameyafumba. Mimi na vijana wa kituo tulipiga kasia mpaka mlango wa pili, tukamwambia tumefika. Akafumbua jicho moja, akanyoosha kidole kwenye mawe makubwa kuliko yote. "Haya ni ya mume wangu. Yatoeni."

Hakuna aliyegusa. Tulimjua Kahigi. Ndipo mama huyu akainama kutoka kwenye mtumbwi uliokuwa unayumba, akaweka kiganja juu ya jiwe, akasema huku analia waziwazi, "Baba Vero, uliyaleta kwa heshima. Na mimi nayatoa kwa heshima. Usinikasirikie." Nikachukua mtarimbo. Jiwe la kwanza lilipotoka, maji yakapita mlangoni kwa mkupuo, mtumbwi ukazunguka, na Ma Edith akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni. Watu wakakimbilia ufukoni wakidhani amekufa. Walimkuta amelikumbatia boya la pili na bado ananyoosha kidole. "Toeni na hilo."

Mzee Polikarpi alikuwa miongoni mwao. Alivua viatu, akakunja suruali. Akatangaza kwamba Wakatoliki walioweza kuleta hawawezi kushindwa kutoa. Loo! Kusikia hivyo, Walutheri wakapiga simu Chonyonyo. Kufikia Jumamosi kwaya zilikuwa zimepanga foleni, zinashindana kubomoa walichoshindana kujenga, na milango yote miwili ikawa wazi.

Ningependa kuishia hapo tucheze ngoma. Lakini Ma Edith ameniomba nisiwadanganye. Mchanga umeanza safari yake tena. Ufuko wa vibanda umepungua, wengine wamerudi nyuma na wana hasira. Kishoju umeonekana ukanda mwembamba wa mchanga chini ya ukingo, mwembamba mno, na Injinia anasema utachukua miaka kunenepa kama hautasumbuliwa. Ukingo bado unameguka mvua zikizidi. Kati ya kaburi la Therese na ziwa imebaki nafasi ya migomba michache. Na mawe tuliyoyatoa yako ufukoni pale pale, yamepangwa vizuri, na kuna watu ambao hawakuyasogeza mbali kwa makusudi. Wanasubiri siku. Wanasema hadharani, wakishakunywa, kwamba mwezi wa saba Ma Edith hatakuwepo ofisini, na milango itarudi kuwa ukuta. Baadhi yao tumewaalika, wako hapa, tunawakaribisha chakula.

Binti yake Vero amemjengea mama yake nyumba Bukoba mjini, ya matofali, ina maji ndani, iko mbali na ziwa kwa kadiri ilivyowezekana. Tulijua atakwenda huko. Nani asingekwenda? Wiki iliyopita nimegundua kwamba haendi. Amemwomba Mzee Anastazi kipande kidogo, na Mzee kampa. Nilikwenda kukiona. Vijana walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo, kibanda cha miti na bati, chumba na jiko, si zaidi.

Wanachimba upande wa ziwa. Mbele ya kaburi. Kati ya Therese na maji.

Nilimfokea, msimamizi wangu, mama wa heshima, nikamfokea. Nikamwambia ziwa litamchukua yeye kwanza. Yeye alikuwa anawaonyesha vijana shimo linalofuata. Akasema, "Eliud, naogopa mpaka silali. Lakini Therese walimzoea. Amekufa, hawamwogopei tena. Mimi wananijua, ninapika, moshi wangu watauona kutoka sokoni. Anayetaka kuziba mlango aje azibe, huku ananiona."

Ma Edith, Jumuiya inakushukuru kwa pampu iliyo hai, kwa shule mbili, kwa zahanati, na kwa siku ya mtumbwi. Tunakutakia maisha mema, afya, na wajukuu wa kukusumbua. Tunakuombea mvua za kiasi na upepo wenye adabu. Mwezi wa saba unaanza keshokutwa, na asubuhi yake ya kwanza nitakuwa kwenye milango na mtarimbo wangu, peke yangu au na wenzangu. Ninaogopa sana, Ma. Wewe washa moto wako.